Mkimbiaji wa mwaka wa kwanza na mzigo wa mashabiki: tujadili kisa cha Marcus Lattimore

Mleta uzi:

Wanajamvi, salaam.

Kila mwaka ifikapo Agosti, wakati timu za vyuo vikuu vya Marekani zikiwa mazoezini kujiandaa na msimu wa futiboli ya Kimarekani, mashabiki huanza kumpangia hesabu mkimbiaji wa mwaka wa kwanza ambaye hajacheza hata mchezo mmoja rasmi. Huyu anasema atafikisha yadi 1,000, yule anasema 1,500, na wa tatu anamtaja Herschel Walker na kuapa kwamba amepatikana mwingine. Kijana mwenyewe ana miaka 18, na miezi michache iliyopita alikuwa bado sekondari. Hoja ninayoileta ni kwamba matarajio hayo hayaishii mdomoni. Hupanda mpaka kwa kocha, ambaye kibarua chake kinategemea ushindi na ridhaa ya hao hao mashabiki na wafadhili, kisha hushuka uwanjani yakiwa yamegeuka idadi: kijana atakabidhiwa mpira mara ngapi leo, na kwa hiyo ataangushwa mara ngapi. Shabiki anayetaja yadi anapaswa kuitazama na hesabu hiyo ya pili, kwa kuwa yadi hazipatikani bila hiyo.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu, mkimbiaji husimama nyuma au ubavuni mwa kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, hukabidhiwa mpira mkononi, kisha hutafuta upenyo kati ya watu watano wa safu ya mbele wanaomfungulia njia na wapinzani wanaokuja kumwangusha, baadhi yao wakiwa na uzito unaozidi kilo 130. Safari nyingi huishia yadi tatu au nne, na yadi moja haifiki mita. Akikimbia mara 20 katika mchezo, karibu mara zote 20 atakuwa amepigwa na kulazwa. Hata hivyo, hii ndiyo nafasi inayompa chipukizi fursa ya kung'ara mapema kuliko nyingine nyingi, maana kipaji cha kukwepa watu na kuchomoka mikononi mwao hakisubiri miaka mitatu ya mafunzo, tofauti na kazi ya kwotabeki anayelazimika kuzijua mbinu zote za timu nzima. Mashabiki wanalijua hilo, na ndiyo maana hawana subira naye.

Kipimo chao kiliwekwa mwaka 1980. Herschel Walker, kijana kutoka mji mdogo wa Wrightsville, alijiunga na Chuo Kikuu cha Georgia, akaanzia benchi katika mchezo wa kwanza dhidi ya Tennessee mjini Knoxville, kisha akaingia na kufunga mara mbili, Georgia wakatoka nyuma na kushinda 16-15. Alimaliza msimu huo na yadi 1,616, na tarehe 1 Januari 1981 alicheza mchezo wa ubingwa dhidi ya Notre Dame huku bega lake likiwa limeteguka, akapata yadi 150 na timu ikatwaa taji kwa ushindi wa 17-10. Tangu hapo, kila mkimbiaji mwenye nyota tano kwenye orodha za wachunguzi wa vipaji hupimwa kwa kijiti cha Walker, ingawa huyo alikuwa mmoja katika kizazi kizima.

Sasa niingie kwa Lattimore. Alitokea Duncan, jimbo la South Carolina, akasoma Byrnes High School, na mwaka 2009 alitajwa kuwa mchezaji bora wa sekondari katika jimbo lake. Februari 2010 alichagua kubaki nyumbani na kuchezea Chuo Kikuu cha South Carolina kilichopo Columbia, akikiacha Auburn kilichokuwa kinamwania vikali. Ili kuelewa uzito wa uamuzi huo, lazima tuijue njaa ya watu wa Columbia. Mwaka 1999 timu yao ilipoteza michezo yote 11. Kwa jumla, kati ya 1998 na 2000, walipoteza michezo 21 mfululizo, na bado waliendelea kuujaza uwanja wa Williams-Brice unaochukua karibu watu 80,000. Walianza kucheza katika SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki mwa Marekani, mwaka 1992, na mpaka Lattimore anafika hawakuwahi kumaliza msimu wakiongoza kundi lao la mashariki hata mara moja. Watu waliosubiri namna hiyo hawampokei mtoto wa nyumbani kama mwanafunzi anayekuja kujifunza. Wanampokea kama deni linalolipwa.

Na kijana alilipa, jambo ambalo ndilo linalokifanya kisa hiki kiwe kigumu. Katika mchezo wake wa pili tu, dhidi ya Georgia, tarehe 11 Septemba 2010, kocha Steve Spurrier alimkabidhi mpira mara 37. Alipata yadi 182, akafunga mara mbili, na timu ikashinda 17-6. Tarehe 9 Oktoba walimfunga Alabama, aliyekuwa namba moja nchini, 35-21, na Lattimore akafunga mara tatu, moja kwa kudaka pasi. Wiki moja baadaye, ugenini kwa Kentucky, walikuwa wakiongoza 28-10 hadi mapumziko. Lattimore aliumia kifundo cha mguu katika mchezo huo, hakurudi, na South Carolina wakapoteza 31-28.

Naomba tusimame kidogo kwenye mchezo huo wa Kentucky, kwa sababu kwa maoni yangu madhara yake yalizidi kipigo chenyewe. Timu iliyokuwa na kwotabeki mzoefu, mdakaji hatari kama Alshon Jeffery na uongozi wa pointi 18 ilishindwa kulinda ushindi wake kwa dakika 30, na bado maelezo yaliyokubalika haraka yalikuwa mepesi: bila Lattimore hatuwezi. Maelezo hayo yalimsamehe kila mtu mwingine uwanjani. Kijana aliporejea, hakurejea kupunguziwa kazi. Novemba, ugenini kwa Florida, katika mchezo ulioamua nani anaongoza kundi la mashariki, alikabidhiwa mpira mara 40. Mara 40, kwa mtu aliyekuwa ametimiza miaka 19 wiki mbili tu kabla ya hapo! Alipata yadi 212, akafunga mara tatu, wakachukua uongozi wa kundi kwa mara ya kwanza katika historia yao, na hakuna shabiki aliyeuliza kama mara 30 zingetosha. Alimaliza msimu na yadi 1,197 kwa mbio 249.

Mwaka uliofuata mzigo haukupungua. Septemba 2011, dhidi ya Navy, alikimbia mara 37 kwa yadi 246, na katika michezo saba ya mwanzo alikuwa ameshakimbia mara 163, wastani wa mara 23 kwa kila mchezo. Katika mchezo huo wa saba, dhidi ya Mississippi State tarehe 15 Oktoba, goti la kushoto lilichanika kano. Alijiuguza karibu mwaka mzima, akarudi 2012, na tarehe 27 Oktoba, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 21, akakutana na Tennessee pale pale Williams-Brice. Alikuwa ameshafunga mara moja kwa mbio ndefu. Katika robo ya pili alikabidhiwa mpira tena, akawekwa kati na walinzi, mmoja akamvaa kwa chini, na goti la kulia likateguka na kukata kano kadhaa kwa pamoja. Wachezaji wa timu zote mbili walitoka kwenye mabenchi wakaingia uwanjani kumzunguka, wakiwemo wa Tennessee. Timu ya San Francisco 49ers, ya ligi ya kulipwa ya NFL, ilimchagua mwaka 2013 katika raundi ya nne ya uchaguzi wa wachezaji wapya ikijua hali yake. Alijaribu kurudi, na Novemba 2014 akatangaza kustaafu bila kucheza hata mchezo mmoja wa NFL.

Mashabiki wengi wa South Carolina hawapendi kukumbushwa kilichotokea kwa timu baada ya Oktoba 2011. Walimaliza msimu huo wakiwa na ushindi 11, idadi ambayo chuo hicho hakijawahi kuifikia kabla, wakamchapa hasimu wao Clemson 34-13, na katika kazi ya ukimbiaji akasimama Brandon Wilds, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hakuna aliyekuwa amemtabiria lolote. Mwaka 2012 wakashinda 11 tena, na 2013 vilevile. Basi yale maneno ya "bila yeye hatuwezi" hayakuwa ya kweli, na kama hayakuwa ya kweli, zile mbio 40 zilikuwa za nini?

Karibuni kwa michango, hasa kutoka kwa mnaoufuatilia mchezo huu kwa karibu.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, asante kwa uzi wenye takwimu. Hata hivyo naona umeruka jambo moja muhimu. Goti la kushoto lilipochanika mwaka 2011, Lattimore hakuwa na mpira. Alikuwa anamzuilia mwenzake njia, na mtu akamwangukia mguuni. Na lile la kulia lilitokana na kumvaa chini kwa namna ambayo ingeweza kumpata mkimbiaji yeyote, hata kama ingekuwa mbio yake ya kwanza msimu huo. Sasa unawalaumuje mashabiki na idadi ya mbio? Isitoshe, Walker mwenyewe alikimbia mara 274 mwaka wake wa kwanza na mara 385 mwaka wa pili, akacheza kwa miaka mingi baada ya hapo. Miili haifanani.

Mleta uzi:

Ndugu, ulichosema kuhusu goti la kushoto ni sahihi, na sikudai popote kwamba mbio 37 dhidi ya Navy ndizo zilizomchana kano mwezi mmoja baadaye. Hakuna daktari anayeweza kuunganisha mambo hayo kwa mstari ulionyooka. Ninachosema ni kwamba kila dakika anayokuwa uwanjani ni nafasi ya kuumia, awe na mpira au asiwe nao, na kijana ambaye benchi lake linaamini kuwa timu itazama akitoka hatolewi. Bahati mbaya inaweza kumpata aliyekimbia mara 10 na aliyekimbia mara 40, lakini haiwapati kwa uwezekano ulio sawa.

Kuhusu miili kutofanana, hapo hasa ndipo ninapotaka tufike. Ikiwa miili haifanani, kwa nini tunampima kila kijana kwa mwili wa Walker? Mtazameni Marcus Dupree, aliyetoka Philadelphia ya Mississippi na kuingia Oklahoma mwaka 1982, akiwa amefunga sekondari tachidauni (kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) 87, moja zaidi ya Walker. Mwaka wake wa kwanza alipata yadi 905. Katika mchezo wa Fiesta Bowl dhidi ya Arizona State, tarehe 1 Januari 1983, alipata yadi 239 kwa mbio 17 tu, na kocha wake Barry Switzer akalalamika hadharani kwamba kijana alikuja akiwa mnene na hana pumzi. Yadi 239 zikageuka kosa! Oktoba 1983 aliondoka chuoni hapo na hakurudi. Palipo na matarajio ya aina hiyo, hakuna idadi inayotosha.

Mchangiaji wa pili:

Naomba kuuliza kwa nia njema. Kama Lattimore alikuwa bora kiasi hicho baada ya mwaka wa kwanza, kwa nini hakwenda kulipwa NFL moja kwa moja? Huku kwetu mchezaji wa miaka 19 akionyesha kipaji, anauzwa dirisha la usajili linalofuata.

Mleta uzi:

Swali zuri. Kanuni ya NFL inataka mchezaji awe ametimiza miaka mitatu tangu amalize sekondari. Aliyejaribu kuivunja mahakamani ni Maurice Clarett wa Ohio State. Huyu naye alikuwa wa mwaka wa kwanza: msimu wa 2002 alipata yadi 1,237, na katika fainali dhidi ya Miami, Januari 2003, ndiye aliyefunga tachidauni ya ushindi katika muda wa nyongeza wa pili, 31-24. Mwaka uliofuata alisimamishwa kwa kupokea misaada iliyokatazwa, akaishtaki NFL, akashinda mahakama ya chini Februari 2004, kisha mahakama ya rufaa ikaubatilisha uamuzi huo Mei mwaka huo huo. Hukumu hiyo ya rufaa iliandikwa na Sonia Sotomayor, ambaye baadaye aliingia Mahakama ya Juu.

Maana yake kwa mkimbiaji ni nzito kuliko kwa mchezaji wa nafasi nyingine yoyote, kwa sababu mkimbiaji huchakaa mapema. Miaka mitatu ambayo mwili wake uko imara kabisa, analazimishwa kuitumia chuoni, na enzi za Lattimore aliitumia kwa ufadhili wa masomo bila mshahara wowote. Uwanja ulijaa, jezi zenye namba yake ziliuzwa, naye hakuruhusiwa kupata hata senti ya mauzo hayo.

Mchangiaji wa tatu:

Hilo limekwisha, mkuu. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao, na kwa msimu wa 2025-26 kila chuo kiliruhusiwa kugawa hadi takriban dola milioni 20.5 kwa wanamichezo wake. Sasa kijana analipwa, na shabiki anayechangia mfuko wa timu ana haki ya kudai. Anayepokea pesa hawezi tena kujificha nyuma ya umri. Na asiporidhika, anahamia chuo kingine msimu ukiisha.

Mleta uzi:

Nakubali kwamba ameondolewa dhuluma moja, na ninafurahi kwa hilo. Kudai, hata hivyo, kuna mipaka yake. Malipo yanampa shabiki haki ya kutaka kijana ahudhurie mazoezi, ajitume na auheshimu mkataba wake. Hayamwongezei kijana kano ya pili ndani ya goti. Nina wasiwasi kwamba pesa imeongeza haraka badala ya kuipunguza: zamani shabiki alisema "tumpe muda", ijapokuwa wengi hawakumaanisha, na siku hizi anagawanya dola kwa yadi kabla msimu haujafika katikati. Uhuru wa kuhama nao umemfanya kocha aogope kumweka kijana benchi, kwa sababu aliyekaa benchi Septemba anaweza kuwa kwa mpinzani Januari.

Upande wa pili yupo Derrick Henry. Alitoka Yulee, Florida, akiwa na yadi 12,124 za sekondari, rekodi ya taifa zima, na mashabiki wa Alabama walitaka acheze mara moja. Mwaka 2013 alipata yadi 382 tu kwa msimu mzima, nyuma ya T.J. Yeldon. Mwaka 2014 aligawana kazi na Yeldon, akapata 990. Mwaka 2015 alipata yadi 2,219, akafunga tachidauni 28 na kutwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Lazima niseme pia kwamba mwaka huo wa tatu alikimbia mara 395, mzigo mkubwa kuliko wowote aliowahi kubebeshwa Lattimore, kwa hiyo simtaji kama mfano wa kocha mwenye huruma. Ninamtaja kwa sababu mzigo huo ulimkuta akiwa mtu mzima.

Mchangiaji wa kwanza:

Sawa, tumekusikia. Basi tuambie: wewe ukiwa shabiki wa timu iliyompata kijana wa nyota tano msimu ujao, utatarajia nini kwake? Maana kutarajia hatuwezi kuacha.

Mleta uzi:

Kwanza nitaitazama safu ya mbele kabla ya kumtazama yeye. Ikiwa watatu kati ya wale watano ni wageni, sitataja yadi kabisa, kwa sababu mkimbiaji anayepigwa kabla hajafika kwenye mstari mpira unapoanzia hawezi kuokolewa na kipaji.

Pili, nitamtazama asipokuwa na mpira. Chipukizi wengi hawanyimwi nafasi kwa kushindwa kukimbia, bali kwa kushindwa kumlinda kwotabeki. Wakati wa pasi, mkimbiaji hubaki nyuma, na ndani ya sekunde moja au mbili anatakiwa atambue ni mlinzi yupi kati ya watatu wanaojisogeza atakayekuja kweli, akanyage mbele badala ya kumsubiri, ampokee kifuani akiwa ameinama kuliko yeye, na asimwachie njia ya ndani. Sekondari hakuwahi kuombwa kufanya hivyo, kwa kuwa kule kila mpira ulikuwa wake. Nikimwona mwezi wa Septemba anamkosa mlinzi na kwotabeki anapigwa mgongoni, sitashangaa akirudishwa benchi, na sitaandika mtandaoni kwamba kocha hamwamini kijana. Nikimwona Oktoba amemkamata yule yule aliyemkosa, hapo nitaanza kuchangamka, hata kama siku hiyo amepata yadi 31.

Na idadi yangu, kwa kuwa mnataka idadi: mbio 10 hadi 15 kwa mchezo, akiwa na mwenzake wa kupokezana naye. Kocha akimpa 25 kwenye mchezo mmoja mkubwa wa Novemba, nitaelewa. Akimpa 37 katika mchezo wa pili wa msimu, nitashangilia ushindi kama wengine, kisha nitauliza aliyekaa benchi siku hiyo alikuwa nani na kwa nini hakuingia.